Kuacha unga anaacha. Mbona hakai? Kikwazo hasa ni kipi, wakuu?

#1 Dada wa Mbagala
Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie kufikiri, maana nyumbani tumegawanyika.

Mdogo wangu wa kiume anatumia unga, heroini hii, tangu akiwa konda wa daladala. Kuacha anaacha. Tumempeleka soba, zile nyumba za kuachia unga, amekaa miezi, ametoka amenenepa, ngozi inang'aa, anaswali, anamsaidia mama kufua. Halafu wiki haijaisha unamwona anajikuna pua, sauti imekuwa nzito, anaomba buku la vocha, jioni haonekani. Tunaanza upya.

Mama anasema amerogwa. Mjomba anasema ni kiburi, apelekwe shamba Handeni akalime mpaka akili imkae sawa. Mimi naona kuna kitu hatukijui. Arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ilishaisha, hakuna anayemlazimisha, sasa kinachomrudisha ni nini? Mlioacha mkatulia, au wenye ndugu walioacha, kikwazo kilikuwa kipi na mlikivukaje?

#2 Jahazi
Pole sana dada. Ngoja waje wenye uzoefu.

#3 Kamanda wa Manzese
Kikwazo ni maskani. Hayo mengine ni ya watu wa semina.

Mimi nilikuwa mtu wa unga. Nilianza na koktel, unga uliochanganywa na bangi, nikaishia kwenye bomba la sindano. Nilipotoka soba nilirudi chumba kilekile, mtaa uleule, pusha anakaa nyumba ya tatu. Ukifungua mlango asubuhi wa kwanza kukusalimia ni yeye, na kete ya kwanza anakupa bure. "Karibu nyumbani mwanangu." Utamkatalia leo, utamkatalia kesho, lakini siku mwenye nyumba amekutolea maneno mbele ya wapangaji wenzako kwa sababu ya kodi, siku hiyo humkatalii.

Nilipona nilipohama mkoa. Niko Singida, nafuga kuku, laini ya simu nilibadilisha na namba sijampa mtu wa zamani. Dada, mhamishe.

#4 Mwana wa Malindi
Kamanda nakuheshimu lakini hapo tunapishana. Sisi pwani ya Kenya tuliona mwisho wa 2010 unga ulipokauka, kuanzia Disemba hadi miezi ya kwanza ya 2011. Watu walikuwepo, maskani zilikuwepo, unga hakuna. Ungedhani wote wataacha. Waliumwa arosto hadharani, wengine wakageukia vidonge vya usingizi na pombe, na unga uliporudi nao wakarudi. Kumwondolea mtu unga machoni si kumtoa kwenye unga.

#5 Kamanda wa Manzese
Walirudi kwa sababu maskani ilibaki palepale! Umejijibu mwenyewe mkuu.

#6 Mwana wa Malindi
Haya bwana, tuite sare. Lakini usianze kushangilia, mechi bado.

#7 Nesi wa Zamu
Dada wa Mbagala pole. Nafanya kazi kwenye huduma hizi, nitasema ninachokijua.

Umesema arosto ilishaisha. Iliyoisha ni ile inayoonekana. Kwa heroini arosto huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho: miayo, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama, baadaye tumbo kukata, kuhara, mifupa kuuma, miguu inarusharusha usiku kucha. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, na ndani ya wiki hivi inapoa. Familia inaona kijana anakula, inasema amepona.

Ndani bado. Usingizi unachukua wiki nyingi kurudi. Furaha ya kawaida hana, kwa sababu ubongo ulishazoea kupata raha kutoka nje ukapunguza yake. Chakula kizuri, mpira, mtoto wake kucheka, vyote anaviona vya mbali. Hamu nayo haina ratiba. Inaweza kumkamata kwa kusikia kiberiti kikiwashwa au kwa kupita kituo alichozoea kushuka. Haya yanaweza kwenda miezi. Sasa mtu wa namna hiyo unamrudisha nyumbani bila dawa, bila kikundi, bila shughuli, halafu unamwambia awe na msimamo.

Swali kwako: amewahi kuanzishiwa methadoni, ile dawa ya kunywa kliniki badala ya unga, au ni soba tu?

#8 Kijana wa Madrasa
Assalaam alaykum. Mimi siipendi hiyo methadoni, nasema wazi. Ni kuhama kutoka ulevi mmoja kwenda ulevi mwingine wenye muhuri wa serikali. Nina jirani yangu anakunywa miaka, kila siku anakimbilia kliniki kama zamani alivyokimbilia kijiweni. Huyo kaacha nini? Tiba ni toba ya kweli, kuswali jamaa msikitini na kukaa na watu wema. Nimeona waliotoka kwa njia hiyo, na hawanywi chochote.

#9 Mzee wa Ilala
Wa alaykum salaam kijana wangu. Mimi ndiye huyo jirani yako, au mwenzake. Nakunywa methadoni. Nikuambie kilichobadilika, maana wewe unaona foleni tu.

Unga ulikuwa unanidai kila baada ya saa chache. Nikiamka nawaza elfu tano ya kwanza itatoka wapi, nikishaivuta nawaza ya pili. Niliiba betri za magari, niliiba sufuria la shemeji lenye wali ndani. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, ukinywa leo asubuhi inakufikisha kesho asubuhi. Hainipi stimu. Dirishani nesi anakuita kwa namba yako, anakupimia kwenye kikombe kidogo, unakunywa mbele yake, unaongezewa maji unasukutua na kumeza, halafu anakusemesha ili ajue hukuibakiza mdomoni. Dakika mbili. Kisha nina siku nzima. Nikaanza kuuza kahawa, mke akarudi, mwanangu wa mwisho sasa ananiomba ada mimi, haendi tena kwa baba yake mdogo.

Na kuswali naswali. Zamani ningeswali vipi wakati tumbo linanikata?

#10 Ukhti Mkunazini
Mzee wa Ilala umenitoa machozi, Allah akuzidishie.

Kijana wa Madrasa, hapa Unguja soba zipo tangu 2009 na nyingi zinafuata hatua kumi na mbili za kuacha ulevi, watu wanakaa duara na kusema mbele ya wenzao. Humo dua zipo na Kurani inasomwa. Sioni kwa nini tuchague kimoja. Kliniki ya Kidongo Chekundu ilipofunguliwa 2015 walioenda walikuwa hawahawa waumini wetu.

#11 Mnyalu
Hizi kliniki zote ni kazi ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipoanzishwa 2017. Kabla ya hapo hakukuwa na kitu nchini, watu walikuwa wanajifia tu. Tupongeze panapostahili.

#12 Nesi wa Zamu
@Mnyalu pongezi sawa, tarehe si sawa. Sheria ya Mamlaka ni ya 2015 na Mamlaka ilianza kazi 2017, hilo ni kweli. Methadoni ilianza mapema zaidi: Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala 2012, Temeke 2014. Muhimbili ndiyo ilikuwa ya kwanza ya umma kwa nchi za bara kusini mwa Sahara, Mauritius kisiwani walishatutangulia. Na dawa yenyewe ina historia ndefu, New York walianza kuitumia kutibu waraibu wa heroini miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2005.

#13 Mnyalu
Sawa mkuu, nimekusoma. Nilichotaka kusema ni kwamba namba 119 ya Mamlaka ni bure, mtu akiwa hajui aanzie wapi apige.

#14 Shamba Kwanza
Mjomba yuko sahihi. Peleka shamba. Funga kamba ikibidi, wiki ya kwanza atalia, ya pili atashika jembe. Wazee wetu hawakuwa na kliniki na hawakuwa na mateja.

#15 Mtoto wa Tandale
@Shamba Kwanza naomba nikujibu taratibu, maana hili limetugusa.

Sisi tulifanya hivyohivyo kwa binamu yetu. Tulimpeleka kwa babu kijijini, siku za mwanzo alifungwa mguu na kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya banda. Akatulia kweli. Akalima, akanona, babu akapiga simu kwamba kijana amepona. Alirudi Dar Alhamisi na gunia la mahindi. Ijumaa usiku akaingia chooni akachelewa kutoka. Tulipovunja mlango bomba lilikuwa bado mkononi.

Daktari alituuliza jambo moja tu: alikaa muda gani bila kutumia? Tulipomwambia akatikisa kichwa. Mwili ulishasahau, yeye akapiga kipimo kilekile cha zamani. Hakuna aliyetuambia hilo kabla.

#16 Dada wa Mbagala
Mungu amrehemu. Hili sikulijua kabisa, na mdogo wangu ametoka soba juzi.

#17 Nesi wa Zamu
Mtoto wa Tandale pole sana, na asante kwa kulisema. Hilo ndilo ningetaka kila familia ilijue. Baada ya mapumziko yoyote, iwe soba, jela, hospitali au shamba, kipimo cha zamani kinaua. Kinachokoma ni pumzi. Ukimkuta ameishiwa nguvu, midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa taabu au hapumui, mboni za macho zimekuwa ndogo mno, usimwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mpulizie pumzi kama unajua, mlaze ubavu akiwa anapumua, mkimbize hospitali. Ipo dawa ya naloksoni inayozuia heroini palepale, ila muda wake ni mfupi kuliko wa unga wenyewe, hivyo hata akiamka apelekwe.

Dada, na yeye mwambieni hivyo wazi. Kumwambia hakumfundishi kutumia, anajua kutumia kuliko sisi.

#18 Shamba Kwanza
Poleni kwa msiba. Lakini hoja yangu haijafa. Aliuawa na kurudi Dar, si na shamba. Angebaki kijijini angekuwa hai.

#19 Kamanda wa Manzese
Ndiyo maana nikasema kuhama. Kuhama, si kupeleka na kurudisha. Ila kamba hapana. Mtu umfunge kama ng'ombe halafu utegemee akusikilize?

#20 Fundi Seremala
Mimi nina karakana Buguruni na nimewapokea wanne waliotoka kwenye unga, kwa hiyo nasema ya upande wa mwajiri.

Kikwazo ni kazi. Hata uhame, ukikaa Singida huna kazi utatafuta maskani ya Singida, na ipo. Mtu ametumia miaka kumi, hana cheti, hana hata kitambulisho, jino la mbele limeng'oka, mkono una makovu. Nani atamwajiri? Anakaa kibarazani kutwa nzima. Asubuhi anaweza kuvumilia, saa tisa alasiri hawezi.

Lakini kuna jambo nililijifunza kwa hasara: pesa nayo ni hatari. Yule wa kwanza nilimlipa wiki nzima kwa mkupuo, Jumamosi jioni, Jumatatu hakuja. Sasa mwezi wa kwanza nalipa kila siku kidogo, chakula kinapikwa hapahapa, na inayobaki naiweka kwa makubaliano yake mwenyewe na mama yake akijua. Anayekwenda kliniki naye anafika saa nne badala ya saa mbili, hakatwi. Wawili wanaendelea mpaka leo, mmoja ndiye msimamizi nikiwa sipo. Mmoja alirudi, mmoja aliondoka sijui yuko wapi.

#21 Jahazi
Fundi Mungu akubariki. Hiyo ya saa nne waajiri wengi hawaielewi.

#22 Mzee wa Ilala
Jahazi umegusa penyewe. Kliniki ni kila siku, Jumapili ni siku, Idi ni siku. Wapo wenzangu wanatoka Chanika, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Mtu hana kazi, nauli hiyo ataitoa wapi? Wengine wanatembea. Wengine wanaacha dawa si kwa sababu wanataka unga, ni kwa sababu hawana nauli, halafu arosto ya methadoni inawakuta, na hiyo ni ndefu kuliko ya unga. Ukishatulia kwa muda mrefu kliniki yangu mimi inakupa dozi za kubeba nyumbani, siku unaenda siku huendi. Hapo ndipo nilipoweza kufungua meza yangu ya kahawa alfajiri.

#23 Mama Wawili
Wote mnaongea habari za wanaume. Naomba nami niingie.

Mimi nilitumia. Mwanamke akitumia unga hana pa kurudi. Mwanaume akitoka soba anapikiwa ubwabwa na mama yake, mimi nilipotoka mashangazi walificha mikoba yao na wanangu walikuwa wamepelekwa kwa ukweni, nikaambiwa nisiwaone. Soba za wanawake zenyewe za kuhesabu. Wengi wetu mwenye unga ndiye mwenye chumba ndiye bwana, ukiacha unga umeacha na pa kulala. Kamanda anasema hama. Nihamie wapi?

Na kuna hili hatukuambiwa. Kwenye unga hedhi ilikuwa imekata, nikajua mimi sizai tena. Nilipoanza methadoni mwili ukarudi, na hedhi, na mimba bila kutarajia. Mtaani wakaniambia niache dawa haraka mtoto asije akazaliwa teja.

#24 Nesi wa Zamu
Na hukuacha, natumaini. Mjamzito akikatisha ghafla ndiyo hatari kwa mimba, anashauriwa kuendelea na methadoni chini ya uangalizi. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, zinatibika, na mama ananyonyesha.

#25 Mama Wawili
Sikuacha. Ndiye wa pili kwenye jina langu, yuko darasa la kwanza.

#26 Ukhti Mkunazini
Mashallah.

#27 Mkeka Mpya
Wakuu samahani naingilia. Mimi si unga, ni mikeka. Mshahara unaisha tarehe mbili. Nimefuta programu za kubeti, nazirudisha usiku. Haya mnayoongea yananihusu au nifungue uzi wangu?

#28 Fundi Seremala
Yanakuhusu mdogo wangu. Maskani yako iko mfukoni, Kamanda atakuambia uhame simu.

#29 Kamanda wa Manzese
Fundi nimekusikia hadi Singida! Lakini kweli, @Mkeka Mpya nunua kitochi, kile cha kupiga na kupokea tu. Pesa ya mshahara mpe mke au dada akushikie. Usitegemee kwamba usiku utakuwa na nguvu ulizokuwa nazo asubuhi.

#30 Mkeka Mpya
Asante wakuu. Mke hajui. Nitafungua uzi wangu.

#31 Mwalimu wa Nakuru
Naongezea la pombe, maana nimeona watu wanachanganya. Huku kwetu tatizo kubwa ni chang'aa na pombe za bei ya chini. Mtu akisoma hapa kwamba arosto ni wiki moja ya kuvumilia, asiende kumfungia ndani ndugu yake mlevi wa kila siku. Arosto ya unga inatesa lakini kwa mtu mwenye afya ni nadra kuua yenyewe. Ya pombe inaua. Siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege, siku ya tatu akaanza kuona vitu ambavyo havipo, kutetemeka, joto, kuchanganyikiwa. Huyo ni wa hospitali, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1. Shemeji yangu alifungiwa kwenye nyumba moja ya marekebisho yenye geti kubwa, wakamnyima pombe ghafla wakamwombea. Tulimkuta ameuma ulimi mpaka umechanika.

#32 Mwana wa Malindi
Mwalimu umesema kweli. Na hizo nyumba nyingine hazina hata nesi. Kabla hujalipa uliza nani anatoa dawa hapo ndani, na uliza kama mtu anaruhusiwa kuondoka.

#33 Dada wa Mbagala
Nimesoma yote, asanteni sana. Nesi, uliniuliza kuhusu methadoni. Ndiyo, mwaka jana alianza, akaacha mwenyewe. Alisema haimshiki. Alikuwa analalamika mifupa inauma usiku, anatoka jasho, na mtaani wakamwambia methadoni inaozesha mifupa. Kliniki walimwona anadanganya ili aongezewe, nyumbani nasi tukamwona anatafuta kisingizio. Wakati huo alikuwa pia kwenye dawa za kifua kikuu.

#34 Nesi wa Zamu
Dada ngoja hapo. Kliniki walijua kwamba anameza dawa za TB?

Kwenye dawa za TB kuna rifampisini. Hiyo inalifanya ini liichome methadoni haraka. Mtu aliyekuwa ametulia kwenye dozi yake anaanza kupata arosto kabla ya saa ya dozi nyingine, na wala hadanganyi. Baadhi ya dawa za VVU za zamani, efavirenzi na nevirapini, zinafanya hivyohivyo. Dozi ya methadoni inapaswa kupandishwa kwa muda huo, na TB ikiisha ishushwe pole pole, kwa sababu ini likitulia dozi ileile ya juu inaweza kumzidi.

Na mifupa haiozi. Kuuma kwa mifupa mara nyingi ni dalili kwamba dozi haitoshi. Ulevi wa mtaani wa kuchanganya methadoni na vidonge vya usingizi au pombe ili "ishike" ndio unaoua, pumzi inakata.

#35 Dada wa Mbagala
Sijui kama walijua. Kadi zilikuwa mbili, sehemu mbili, kila moja na foleni yake. Sisi hatukuwahi kuziweka pamoja.

#36 Mtoto wa Tandale
Kumbe jibu limepatikana.

#37 Kamanda wa Manzese
Halijapatikana. Dada amesema anarudia hata akitoka soba, na huko soba hakukuwa na TB wala methadoni. Rifampisini imeeleza mara moja, nyingine je?

#38 Mama Wawili
Kamanda hapo nakuunga mkono. Dada, kuna aliyewahi kumuuliza alianzaje? Si na nani, alianzaje. Mimi nilianza kwa sababu unga ulikuwa kitu cha kwanza kunipa usingizi tangu nilipofanyiwa jambo nikiwa na miaka tisa na mtu wa nyumbani. Mkiniosha mwili mkanirudisha nyumba ileile ninamwona anakunywa chai sebuleni, mnategemea nini? Aliyenisaidia alikuwa mshauri mmoja wa kike aliyeniuliza hilo, akanyamaza mpaka nikajibu.

#39 Kijana wa Madrasa
Dada yangu Mama Wawili, Allah akuponye. Nimeyasoma maneno yako zaidi ya mara moja.

Nina swali la kweli, si la kubishana. Ramadhani inakaribia na huyo jirani yangu atakunywa dozi mchana. Hapo inakuwaje?

#40 Ukhti Mkunazini
Mgonjwa ana ruhusa ya Kurani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, afungue alipe baadaye. Lakini aulize kliniki mapema kama saa inaweza kusogezwa, na amuulize sheikh anayemwamini. Asiruke siku kadhaa kwa ajili ya saumu halafu akarudi kunywa dozi kamili.

#41 Nesi wa Zamu
Sahihi. Aliyekosa siku tatu au zaidi asidai dozi yake ya zamani, inapimwa upya. Hilo linawapata pia waliokamatwa na polisi wakalala mahabusu. Ndugu awahi kutoa taarifa kituoni na kliniki.

#42 Kijana wa Madrasa
Sawa. Na ataacha lini hiyo methadoni? Maana kama hakuna mwisho, hoja yangu ya mwanzo bado ipo.

#43 Nesi wa Zamu
Hakuna tarehe ya pamoja. Wanaokatishwa mapema wengi wanarudi kwenye unga. Akitaka kushuka anashushwa kidogo kidogo kwa miezi, maisha yakiwa yametulia kwanza. Wengine wanaendelea nayo miaka mingi, mtu wa kisukari naye anaendelea na insulini.

#44 Mzee wa Ilala
Mimi nimeambiwa naweza kuanza kushuka. Sitaki bado. Biashara ikae sawa kwanza na binti amalize kidato cha nne.

#45 Kamanda wa Manzese
Mzee wangu kwa heshima zote, mimi nisingekaa hivyo. Nilitaka mlango ufungwe kabisa. Siku nikisafiri ghafla kwa msiba Songea, dirisha la kliniki nitalipata wapi?

#46 Mzee wa Ilala
Unaomba barua ya uhamisho wa muda mwanangu, kama kuna kliniki unakoenda. Ila Songea umenishika, sijui.

#47 Tanga Raha
Wakuu nimechelewa. Kuna kijana wetu hapa Tanga ameamua mwenyewe leo asubuhi, anasema yuko tayari. Lazima aende Dar?

#48 Nesi wa Zamu
Hapana, Tanga huduma ipo, Bombo. Dodoma ni Itega, Mwanza Sekou Toure, na Mbeya pia ipo. Aende asubuhi na mapema na ndugu mmoja atakayemfuatilia. Wiki za kwanza dozi ni ndogo, inapanda taratibu kwa usalama wake, kwa hiyo bado atasikia arosto. Mwambieni kabisa, wengi wanaondoka hapo wakidhani dawa haifanyi kazi. Na kama ana dawa nyingine yoyote anayomeza, ya TB, ya VVU, ya kifafa, aende nayo mkononi.

#49 Tanga Raha
Kadi ya TB anayo. Namwambia aichukue sasa hivi.